Sauti ya Kirangozi

Habari ya kifo cha Elia ilinikuta Mpanda, nimefungua redio ya mteja na skrubu zake nimezipanga kwenye kifuniko cha sufuria zisipotee. Aliyepiga simu ni Gaudensi, binamu yake. Hakuanza na pole. "Mtani, mwenzako ametangulia. Tunazika kesho kutwa. Usipofika, kaburi tutalichimba pana, tukufuate huko huko tuje tukulaze naye." Nikamjibu kwamba Wanyamwezi kazi yao ni kubeba mizigo, kuchimba wawaachie wanaojua. Akacheka, kisha kicheko kikakatika katikati, nikasikia anapenga kamasi. Alipokata simu niliendelea kuishika sikioni, kama mtu anayesubiri kuambiwa kwamba huo nao ulikuwa utani.

Baba yangu alikuwa Mzaramo aliyeletwa Tabora na kazi ya reli, na Mzaramo kwa Mnyamwezi kama Elia ni mtani. Wazee walituambia utani huo ulianzia kwenye misafara, pale wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakiteremka pwani na meno ya tembo mabegani, wakapita kwetu, wakagombania chakula chetu, wakaugua mikononi mwetu, tukazikana. Mtu uliyemzikia ndugu yake huna tena namna ya kumkasirikia. Kwa hiyo mtani anaruhusiwa mambo ambayo mwingine akiyafanya atapigwa. Msibani anavaa nguo za marehemu, anamwigiza alivyotembea, alivyokula, alivyokoroma, mpaka wafiwa wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Lakini ruhusa hiyo ina upande wa pili ambao hausemwi: ukishakuwa mtani, neno lako halina uzito. Unasema la kweli, watu wanatabasamu. Hilo nilijifunza nikiwa na miaka kumi na saba, mwaka wa mgao wa umeme, na kila nilikokwenda tangu hapo nimekwenda nalo.

Nimekwenda kwingi. Shule niliiacha kidato cha pili. Hakuna aliyenifukuza, nilichoka tu kuulizwa maswali ambayo muulizaji anayajua majibu yake. Nimechekecha mchanga wa dhahabu Kahama, nimekuwa utingo, nimeuza dagaa Kigoma. Arusha nilifagia nyumba ya wageni, na huko jioni moja niliwakuta vijana wa kizungu wamezunguka meza yenye karatasi na dadu zenye pande nyingi kuliko nilizowahi kuona. Mmoja anasimulia, wengine wanamjibu: mimi naingia, mimi najificha, mimi nampiga. Nilisimama na ufagio wangu mpaka mmoja akaniuliza kama mchezo huu naujua. Nikasema ndiyo, Tabora tulikuwa tunaucheza. Wakacheka kwa adabu, wakaendelea. Nilirudi kufagia ngazi huku najifuta macho, nikashindwa kuelewa kwa nini mtu mzima alilie vizibo vya soda.

Tulikuwa tunachezea Gongoni, kwa Hilali. Hilali alikuwa kijana wa Kiarabu wa pale mjini, ametuzidi miaka michache, mvivu wa kusimama na hodari wa maneno. Baba yake alikuwa akihifadhi asali na nta katika stoo iliyo nyuma ya duka, na biashara ilipoanguka, Hilali akaingiza humo televisheni mbili na mashine za gemu, akaziba madirisha kwa maboksi ya sabuni ili vioo vionekane vizuri. Chumba kikawa giza mchana kutwa. Sakafu ilikuwa bado inanata, ndala zikilia kila unapoinua mguu, na nyuki walikuwa wakiingia kwa tundu la paa kutafuta asali iliyokwisha kuondoka. Televisheni moja ilionyesha dunia nzima kijani. Kaseti za gemu zilikuwa za manjano, zikigoma unazipuliza, ukichomeka tena zinakubali, na kila mtu aliamini pumzi yake ndiyo yenye dawa. Nikifumba macho nasikia zile kelele. "Ruka! Ruka wewe, si umeona shimo?" "Pedi mbovu hii." "Pedi mbovu au vidole vibovu? Lete huku uone." Siku hizi gemu zote zile ninazo ndani ya simu, na ukitaka kuacha unaacha, ukirudi unakuta uko pale pale. Huwa nazicheza kwenye mabasi. Muziki wake ukianza tu, mimi hunusa nta.

Elia alikuwa anakaa kwenye benchi la nyuma akisubiri zamu bila kuiomba. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, mrefu, shingo nyembamba, na ana kigugumizi. Hakikuwa kile cha kurudiarudia silabi. Chake kilikuwa cha kuziba. Neno linafika kooni linakwama, mshipa wa shingo unasimama, macho yanatoka, na watu kwa huruma au kwa haraka zao wanammalizia. Kule kumalizia ndiko kulikokuwa kunamuumiza, maana mara nyingi walimalizia kitu kingine, naye akaona bora akubali. Mbele ya televisheni hakuna aliyemtaka aseme. Alikuwa bora kuliko sote.

Kaseti zile hazikuwa na kumbukumbu. Umeme ukikatika, ulipofika pote panafutika, unaanza tena mwanzo kabisa. Mchana mmoja Elia alivuka mpaka kwenye ngome ambayo hakuna aliyewahi kuiona pale Gongoni. Hata Hilali alikuwa ameinuka kwenye mkeka wake. Kioo kikazimika. Chumba kizima kikaguna kama mtu mmoja. Elia akabaki ameishika pedi, anatazama kioo cheusi. Tulikaa gizani, nyuki wakivuma, mpaka Hilali akasema, nadhani kwa kumwonea huruma tu, "Basi tufanye umeme upo. Elia, umesimama darajani. Mbele kuna mlango wa chuma. Nyuma wanakuja. Unafanya nini?"

Tukasubiri neno likwame. Badala yake ikatoka sauti nzito, ya polepole, kama ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde. "Sirudi nyuma. Likateni daraja, mimi nikiwa juu yake." Hakukwama hata mara moja. Hilali akaketi vizuri. "Daraja limekatika," akasema. "Unaning'inia kwa mkono mmoja." Na Elia, kwa sauti ile ile, akajibu kwamba mkono mmoja unatosha.

Ndivyo mchezo ulivyoanza, na umeme uliporudi hakuna aliyewahi pedi. Wiki iliyofuata mimi nikaleta habari za msafara. Nilikuwa nimekwenda Kwihara kwa miguu, nikazunguka lile tembe la zamani, nyumba ya udongo ya enzi za misafara, nikamchosha mlinzi kwa maswali mpaka akanipa kiti. Nikachora njia kwa mkaa juu ya sakafu ya Hilali, kutoka Tabora kwenda pwani, na vituo vyake nilivyovikumbuka. Hilali ndiye aliyekuwa njia: alitueleza tumefika wapi na tumekuta nini. Mimi nilikuwa mpagazi wa Kizaramo anayetaka kurudi kwao. Elia alikuwa kirangozi, yule mtu wa mbele anayejua maji yalipo na nani wa kusalimiwa. Penye mashaka tulirusha vizibo vinne vya soda. Vikilala chali tumepona. Vikifunika vyote kuna msiba, na anayekufa huzikwa kwa maneno ya wenzake kabla msafara haujaondoka.

"Mmefika Tura," Hilali anasema, anatafuna michembe ya viazi vitamu. "Kisima kikavu. Wenyeji wamesimama na mishale."

"Mimi natua mzigo, nalala," nasema.

"Mzaramo," sauti ya kirangozi inatoka gizani, "ukilala hapa fisi atakula mguu mmoja tu, wa pili atautema kwa uchungu wake. Simama. Wenyeji wetu, hatujaja na vita, tumekuja na kiu. Kiu haina bunduki."

Tulicheka mpaka watu wa dukani wakagonga ukuta. Sikumbuki kama nimewahi kuwa na furaha ya namna hiyo tena, na nimeitafuta. Kinachonisumbua sasa ni kwamba wakati ule sikuona ajabu yoyote. Nilidhani kila mtu ana chumba fulani mahali ambapo ulimi wake umefunguka.

Nyumbani kwao Isevya nilikuwa nakula kama mtoto wa pale. Mama Elia alipika nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, akayaunga karanga mpaka mwiko ukasimama wenyewe. Alikuwa mwanamke mnene wa mwendo wa haraka, na katika kummalizia Elia maneno hakuna aliyemfikia. Alifanya kwa mapenzi. Alikuwa amefanya hivyo tangu mtoto anaanza kusema. Siku moja tukiwa tumekaa kwenye sinia Elia akaweka tonge chini. "Mama, ni— ni—"

"Nipe chumvi. Iko hapo nyuma yako, baba, chukua."

Akachukua chumvi. Akainyunyiza kwenye mboga iliyokuwa na chumvi tayari, akala yote. Njiani, kwa muda mrefu na kwa taabu, akaniambia alikuwa anataka kumweleza kwamba ameitwa kwenye usaili wa chuo cha ualimu. Nikamwambia turudi nimsemee mimi. Akatikisa kichwa. Kusemewa alikuwa amechoka nako. Angemwambia mwenyewe atakapokuwa amepita. Nami nilijua kwa nini. Juzi yake tu, tukiwa chumbani kwake, tulimsikia jirani upande wa pili wa ukuta akimwambia mama yake, "Huyu wako mke atamposa kwa ishara?" na mama yake akijibu bila hasira, "Nitamsemea mimi. Si nipo?"

Ualimu ndio alioutaka tangu utotoni, na alijua kabisa watu wa usaili hawatasubiri neno lake litoke. Ila mwaka ule alikuwa na njia. "Nitaingia k— kama yeye," akatuambia. Hilali akacheka kwanza, halafu akaacha kucheka. Kuanzia hapo mgao ukianza Hilali anakuwa mwenyekiti wa jopo, anakohoa kama mzee wa ofisini, na kirangozi anaingia, anasimama, anajieleza. Alikuwa mzuri kiasi kwamba mimi, niliyekimbia walimu, ningekaa darasani kwake.

Kosa lilikuwa kufanya mazoezi nyumbani. Mchana mmoja Mama Elia alitoka sokoni na jirani yake yule yule, wakasikia sauti ya mwanamume mzima chumbani kwa Elia. Nzito, haina mkwamo, inasema imewaongoza watu mbali na haijampoteza hata mmoja. Mama akachungulia. Hamna mtu. Elia peke yake, amefumba macho, amesimama wima. Jirani akashika mdomo. Pale Tabora kila mtu anajua ni wangapi walikufa kwenye njia ile ya zamani na kuachwa porini bila mchanga, na kila mtu amewahi kusikia kwamba wasiozikwa hutafuta kinywa cha kuazima. Kesho yake asubuhi watu wa maombi walikuwa wamejaa uani.

Nilifika katikati ya nyimbo. Elia amekalishwa kwenye mkeka, mikono ya watu iko kichwani kwake. Alikuwa anajaribu kueleza. "Ni— ni— ni—" Mshipa umesimama, macho yametoka, na kadiri alivyokwama ndivyo walivyozidisha sauti, maana waliona kuna kitu kinamfunga ulimi asilitaje jina la kilichomwingia. Akafumba macho. Akavuta pumzi. Nikajua anachotaka kufanya, nikataka kupiga kelele asifanye.

"Mama," ikasema sauti ya kirangozi, tulivu, imenyooka, "ni mimi. Hakuna mtu mwingine humu."

Wanawake wakapiga yowe. "Anajidai ni yeye! Mmesikia? Anajidai ni yeye!" Mama yake akaanguka magoti.

Nikawapita watu kwa viwiko mpaka mbele yake. "Mama Elia, ni gemu! Tunacheza kwa Hilali! Huyo ni kirangozi wa msafara, mimi mpagazi wake, njia tumeichora chini kwa mkaa!" Nilijisikia mwenyewe jinsi maneno hayo yalivyokuwa ya kipuuzi. Akaniinulia uso uliolowa. Aliniangalia kwa upole, karibu atabasamu. "Mtani wangu," akasema, "leo niache. Leo si siku ya utani." Mtu akanishika mkono akanitoa nje, naye hakuwa mkali, akanipa na embe njiani. Hilali alipokwenda jioni hakufunguliwa mlango, kwa kuwa walikwisha kuamua kwamba huyo mgeni aliyemwingia Elia ametokea kwenye chumba chake chenye giza.

Wakaomba, wakafunga, siku baada ya siku, mama akifunga kuliko wote. Na sauti ikaondoka kweli. Nilipoachiwa kumwona, Elia alikuwa amekonda, mtulivu. Nikamuuliza kama bado anaweza kuifanya. Jibu lake lilichukua muda, nami nikasubiri lote litoke: kila akiiita, anaona uso wa mama yake akiwa chini magotini. Kwenye usaili alikwenda hata hivyo. Nilimngoja nje ya ukuta wa chuo. Alitoka mapema mno, akanipita hatua chache kabla ya kusimama. "W— waliniuliza jina," akasema.

Hilali akauza televisheni, akahama mji, sijui aliko. Mimi mwaka ule ule nikapanda treni ya Mwanza, mfukoni nina matobolwa ya viazi vitamu aliyonifungia Mama Elia, na tulipofika Bukene yalikuwa yamekwisha na mimi nimejua kwamba sirudi kukaa. Elia akajifunza useremala, akawa fundi wa mizinga ya nyuki, akaoa, akapata watoto waliozoea kumsubiri baba yao. Nikipita Tabora nilikaa kwenye takataka za randa yake tukanywa chai. Hatukuwahi kuutaja msafara. Wakati mwingine niliona anainua kichwa kama anayetaka kuanza, halafu randa ikaendelea.

Siku ya kuzika nilifanya kazi yangu. Nikavaa koti lake lenye vumbi la mbao, nikafunga jicho moja nikapima ubao usiokuwepo, nikatembea kwa mnyato wake, shingo mbele, na uani wakacheka, hata mjane, hata watoto. Gaudensi akapaza sauti, "Mtani, mbona marehemu wako bubu? Asituage?" Watu wakaitikia, "Aseme! Aseme!" Vitoto vilikuwa vimekwisha kuanza, ni— ni— ni—, vinasukumana. Ndiyo desturi, na haina ubaya. Kigugumizi chake nilikiigiza mbele yake mara nyingi tukiwa vijana, naye akicheka kuliko wote. Nikakaza koo kama inavyotakiwa. Nikasimamisha mshipa wa shingo. Na hapo nilipokwama, sikuweza kutoka kwa njia waliyoingojea.

"Shikamooni, wazee wangu," nikasema kwa sauti nzito, ya polepole. "Naitwa Elia Maganga. Naomba nifundishe watoto."

Kicheko kikafa upande mmoja baada ya mwingine. Wengi hawakuelewa, walidhani nimekosea. Lakini kwenye mkeka wa wanawake Mama Elia alikuwa anainuka, anashika bega la huyu na la yule, mzee sasa, mwepesi, khanga imemteleza kichwani. Akaja mpaka mbele yangu.

"Sauti hiyo umeitoa wapi?"

"Ni yake, mama. Haikuwa ya mtu mwingine. Alikuwa anajifunza kujieleza mbele ya walimu. Aliitwa usaili."

"Usaili gani?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikata. Midomo yake ilikuwa inatembea. "Ulikuja ukaniambia," akasema.

"Nilikuja, mama."

"Nami nilifunga. Sikutia maji mdomoni mpaka ikaondoka." Gaudensi akamshika kiwiko ili amrudishe mkekani, akautoa mkono wake. Hakulia. Alinitazama kifuani, kwenye vifungo vya lile koti, kana kwamba uso wangu ungemchanganya. "Inisalimie tena," akasema.

Niliogopa haitatoka. "Shikamoo, mama," nikasema.

Akafungua kinywa, na jibu halikuja. Tulisimama hivyo, majembe yanasikika kule kaburini, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumjibia.

"Marahaba, baba," akasema mwishowe. "Sema. Nakusikiliza."